Weusi wenye madoa ya njano: kundi la wadudu lililodhaniwa nzige Handeni

Ujumbe wa mjomba uliingia kwenye simu yangu alfajiri ya Jumapili, tarehe 31 Januari 2021. Picha moja na maneno mawili: "Wamefika. Tufanyeje?"

Hakuhitaji kusema akina nani. Mwezi huohuo nzige wa jangwani walikuwa wameonekana Kilimanjaro wakitokea Kenya, na redio haikuwa na habari nyingine ya shamba. Kenya yenyewe ilianza kuvamiwa mwishoni mwa Desemba 2019, uvamizi ulioelezwa kuwa mbaya kuliko wowote nchini humo kwa miaka 70. Takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kila mtu alikuwa amezisikia: kundi la kilomita moja ya mraba lina nzige milioni 40 hadi 80, na kwa siku moja linakula chakula cha kutosha watu 35,000. Mjomba ana eka tatu karibu na Handeni mjini, mkoani Tanga, mahindi na mhogo, na mizinga ya nyuki upande wa juu. Mtu wa eka tatu akisikia namba hizo hapati usingizi.

Niliifungua picha. Tawi la mmea, na juu yake wadudu wasiopungua thelathini wamebanana bega kwa bega, weusi, wenye madoa na mistari ya njano. Hawana mabawa. Nikajibu palepale: "Ni tunutu wa nzige, wachanga wasio na mabawa. Nakuja."

Jibu hilo lilikuwa na makosa. Nafundisha biolojia sekondari Korogwe, nimekusanya panzi tangu utotoni, na bado nilikosea kwa dakika moja ya kuangalia picha. Naeleza kisa hiki hatua kwa hatua kwa sababu ni kosa ambalo mtu mwenye elimu kidogo ya wadudu hulifanya kwa urahisi zaidi kuliko asiye nayo kabisa.

Asiyejua lolote angesema "panzi" na kunyamaza. Mimi nilikuwa najua kwamba nzige wa jangwani, Schistocerca gregaria, hubadilika. Anapokulia peke yake, tunutu wake huwa na rangi ya kijani au ya udongo, ukimwona kwenye majani unampita. Wakisongamana wanageuka: kugusanagusana kwa mapaja ya nyuma kunachochea mabadiliko mwilini, na kizazi kinachofuata kinatoka cheusi na njano, kinatafutana badala ya kukimbiana. Zamani watu walidhani nzige wa peke yake na nzige wa kundi ni viumbe wawili tofauti, mpaka mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipoonyesha mwaka 1921, kwa aina nyingine ya nzige, kwamba ni mdudu mmoja mwenye hali mbili. Basi nikaona kundi, nikaona weusi na unjano, elimu yangu ikanijaza sehemu iliyobaki. Sikutazama tena.

Mashaka yalianza ndani ya basi, nikiwa nahesabu siku.

Tunutu hana mabawa. Hawezi kutoka Kilimanjaro. Akiwa Handeni ni lazima awe ameanguliwa Handeni, na ili aanguliwe, ni lazima nzige wazima wawe wametua hapo, wametaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, na mayai yamekaa ardhini kama wiki mbili. Wale wa kwenye picha hawakuwa wachanga. Walikuwa na vichipukizi vya mabawa mgongoni, maana yake walishajivua gamba mara kadhaa. Tunutu wa nzige wa jangwani hupitia hatua tano, na zote kwa pamoja huchukua mwezi mmoja na zaidi. Ukijumlisha, wazazi wao wangekuwa wametua kwa mjomba katikati ya Desemba hivi. Kundi la nzige linapotua kijijini halihitaji kutafutwa, linafunika miti. Nilimpigia.

"Shikamoo mjomba. Desemba mliona nzige wakubwa wakiruka hapo? Hata siku moja?"

"Marahaba. Hapana. Hawa wametoka chini tu, kama uyoga."

Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa kweli katika kisa chote, na ulipatikana bila kumtazama mdudu.

Nilifika saa tatu asubuhi. Mjomba alikuwa na bomba la dawa mgongoni tayari, na majirani wawili wenye mabomba yao walikuwa wanachota maji. Dawa ilikuwa ile waliyoinunua kwa ajili ya viwavijeshi vamizi wa mahindi, ambao Tanzania iliwapata mwaka 2017 na hawajaondoka hadi leo. Niliomba saa mbili tu. Sikuomba kwa ujasiri; kama ningekuwa nimekosea mara ya pili, saa mbili zile zingekuwa juu yangu. Lakini mizinga ya nyuki ilikuwa hatua mia moja hivi kutoka pale, na mmea waliokuwa wameukalia wadudu ulikuwa umechanua maua ya njano na nyuki wapo juu yake. Kupiga dawa pale ilikuwa kupiga dawa nyuki.

Mahali penyewe ni kipande cha uwanda wa nyasi kisicholimwa, chini ya eka moja, kati ya mahindi na mhogo. Mjomba hukiacha kwa ajili ya mbuzi. Nyasi zilikuwa zinafika kiunoni, na katikati yake palisimama vichaka vya marejea pori, jamaa ya ile marejea inayopandwa kurutubisha udongo. Nilizunguka polepole na kuandika daftarini kila mmea wenye kundi. Marejea: makundi tisa. Mhogo, mstari wa pembeni: makundi manne, majani yameliwa hadi kwenye mshipa. Nyasi zenyewe: mmojammoja, wamekaa bila kula. Mahindi, ambayo yalikuwa hatua mbili kutoka kwenye kundi kubwa: hakuna hata jani lililotobolewa.

Hapo nilisimama. Nzige wa jangwani hula karibu kila kitu kibichi, nafaka na malisho yakiwemo. Tunutu wa nzige wenye njaa, wamezungukwa na nyasi na mahindi machanga, halafu wamepanda juu ya marejea? Marejea ina sumu, jamii ya alikaloidi inayoharibu ini, na mfugaji anaijua kwa ng'ombe aliyedhoofika. Mdudu anayeifuata ana sababu yake.

Kisha mwendo. Nilichomeka vijiti vitatu kwenye ukingo wa kundi kubwa zaidi, nikafunga uzi wa katani kati yake, nikaketi. Tunutu wa nzige wakiwa kundi hulala juu ya mimea usiku, jua likiwapasha wanashuka, na kisha wanaandamana. Wote upande mmoja, wanaruka na kutembea, wanapita juu ya mawe, maji, miguu ya mtu, mpaka joto la mchana au jioni iwasimamishe. Saa tatu na nusu jua lilikuwa limeshakolea. Saa nne ukingo wa kundi ulikuwa palepale. Saa tano, palepale. Wachache walikuwa wamehama kutoka tawi moja kwenda jingine la kichaka hichohicho, kwa hatua za mdudu asiye na haraka.

Wakati nimeketi alikuja mzee mmoja wa jirani, umri wake ni zaidi ya miaka themanini, akiegemea fimbo. Alipewa kigoda, akatazama kundi kwa muda mrefu bila kuuliza kitu. Halafu akasema, "Kimatu hakai. Hawa wamekaa."

Kimatu. Ni jina la nzige ambaye bado hajaota mabawa. Wengine husema tunutu, wengine funutu. Sijui kama kuna mdudu mwingine wa porini ambaye lugha yetu imempa majina mengi hivyo kwa umri wake mmoja tu, na majina hayo hayakuzaliwa darasani. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walitanda sehemu kubwa ya Afrika kusini ya ikweta, na mzee huyu alikuwa mtoto mwishoni mwa kipindi hicho. Alituambia jinsi watoto walivyopelekwa na wazazi wao kuchimba mitaro mbele ya kimatu, wakawa wanawasukuma na matawi mpaka waingie, kisha wanafukia. Mtaro unafaa kwa sababu moja tu: mdudu anakuja kwako. Yeye alimtambua kimatu kwa kutembea kwake, na hakuna picha ambayo ingemdanganya. Picha yangu ya alfajiri ilikuwa imeondoa kile kitu kimoja ambacho mzee angekiangalia kwanza.

Baada ya hapo nilishika wadudu wenyewe. Ukimsogelea panzi wa kawaida, anaruka. Hawa hawakuruka. Nilisogeza kidole hadi sentimita moja. Wakazunguka nyuma ya shina kama mtu anayejificha nyuma ya nguzo. Nilipombana mmoja kwa vidole, akatoa kitone cha maji meupe mgongoni, pale tumbo linapoanzia, na harufu mbaya ikapanda. Mjomba aligeuza uso. Mdudu anayejitangaza kwa rangi kali, hakimbii, na ananuka, anamwambia ndege waziwazi: usinile. Na sumu yake nyingine huipata kwenye mimea kama marejea. Anaila, haimdhuru, anaihifadhi mwilini. Ndiyo maana walikuwa pale na si kwenye mahindi.

Kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi nilitazama kichwa. Uso unarudi nyuma kwa mteremko, kama paa la kibanda, tofauti na uso wa nzige ulio wima zaidi. Papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, zilikuwa nyeusi zenye pete za rangi ya chungwa. Nilifurahi kuziona kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu zimo ndani ya jina la panzi niliyekuwa nimeanza kumshuku, Zonocerus elegans: Zonocerus linatokana na maneno ya Kigiriki ya mkanda na pembe. Pembe zenye mikanda. Jina la pili, elegans, ni maridadi tu. Carl Peter Thunberg wa Uswidi ndiye aliyemwandika kitaalamu mwaka 1815, na kwa kweli ukimwona mkubwa wake, mweusi, njano, chungwa na kijani kwenye mwili mmoja, huwezi kumlaumu kwa neno hilo.

Lakini pete za papasi peke yake hazikunitosha. Nilikuwa nimeshadanganywa na rangi mara moja siku hiyohiyo. Nilitaka alama ya umbo, ya kumaliza ubishi, na hiyo ilihitaji mdudu mzima. Kwa sababu hii: tunutu wa nzige ana mabawa mafupi kwa kuwa bado hajakua. Zonocerus elegans ana mabawa mafupi hata akiwa mzima; wengi wao hawaruki kamwe, ingawa wapo wachache wanaoota mabawa marefu. Mfupi asiyekua na mfupi aliyekua wanafanana kwa mbali. Utawatofautishaje?

Njia moja ni mpangilio wa mabawa. Kwa panzi na nzige wachanga wa hatua mbili za mwisho, vichipukizi vya mabawa vimepinduka: vile vya nyuma ndivyo vinavyofunika vya mbele, na vimesimama kama pembetatu ndogo mgongoni. Akijivua gamba la mwisho vinageuka, bawa la mbele linakuwa juu, limelala ubavuni. Inahitaji lenzi na subira, na mdudu anayekubali kushikwa.

Njia ya pili haihitaji lenzi. Wachanga hawapandani. Nilitafuta kwenye marejea zote, kichaka kwa kichaka, na kwenye kichaka cha saba, upande wa kivuli, nilikuta jozi mbili: dume mgongoni mwa jike, ametulia. Dume wa aina hii hukaa hivyo muda mrefu sana, hata baada ya kupandana, akimlinda jike asichukuliwe na dume mwingine. Majike wote wawili walikuwa na mabawa yaliyoishia katikati ya tumbo. Wazima, wanaopandana, wasioweza kuruka. Nzige wa jangwani wa namna hiyo hayupo. Mzima wake ana mabawa yanayopita mwisho wa tumbo na yanaweza kumpeleka kilomita mia na zaidi kwa siku.

Nilimwita mjomba na majirani waje waone kwa macho yao. Mabomba yakateremshwa mgongoni.

Kabla ya kufunga daftari nilipitia washukiwa wengine, kwa kuwa kumwondoa nzige wa jangwani si sawa na kumthibitisha mwingine. Nzige wekundu, Nomadacris septemfasciata, wana makao yao nchini kwetu kwenye mbuga kama Rukwa, Wembere na Malagarasi. Nao ni warukaji, mabawa marefu, hula nyasi. Wanaondoka kwa hoja zilezile. Phymateus, panzi mnene wa jamii moja na huyu wetu, naye ana sumu na rangi kali, lakini ni mkubwa mara mbili hivi na akibanwa hutoa povu. Anayefanana kweli ni Zonocerus variegatus, ndugu wa damu, na kwenye picha ningewachanganya. Yeye ametawala Afrika Magharibi na kuja hadi upande wa Uganda. Kwa pwani na Tanga jirani wa kawaida ni elegans. Hapo niliandika jina, na pembeni nikaandika kwamba jina la aina nimelitegemeza zaidi kwenye mahali kuliko kwenye mwili. Ni vizuri daftari liseme hivyo. Kwa uamuzi wa mjomba halikubadilisha kitu, maana wote wawili ni panzi wa mhogo wasiohama.

Hasara ilikuwepo, lazima niseme, na mjomba hakufarijika kwa jina la Kigiriki. Mstari wa nje wa mhogo ulikuwa umeliwa hadi magome. Ila hasara ya mdudu asiyehama ina mipaka, na unaweza kuifuata kwa miguu. Alfajiri ya Jumatatu tulirudi na ndoo za maji ya sabuni. Usiku na asubuhi yenye baridi panzi hawa hukusanyika kwenye ncha za mimea, wamepooza. Unashika tawi, unalitikisa ndani ya ndoo, unahamia jingine. Watu wanne, saa moja na nusu, ndoo mbili za lita kumi zikajaa. Marejea iliyo karibu na mizinga tuliiacha kama ilivyo. Jioni niliondoka kurudi Korogwe, na dawa ikabaki kwa ajili ya viwavijeshi.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini kama nisingeweza kwenda. Afisa ugani wa kata alikuwa na vijiji vingi na picha nyingi za namna hiyo siku hizo. Hakuna ambaye angeweza kufika kote. Ningeirudia ile simu ya alfajiri, nisingejibu kitu mpaka niulize: kuna yeyote mwenye mabawa kati yao, na amepandana? Wako juu ya mmea gani, na ule wa jirani yake umeguswa? Weka kiberiti pembeni nione ukubwa. Kisha ningeomba video ya dakika moja, saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda, simu imewekwa chini bila kushikwa. Hiyo ya mwisho ningeiomba hata kama sipati nyingine zote. Rangi ilinipeleka kwa nzige. Karibu vyote vilivyonirudisha, ukiacha pete za papasi, uso na mabawa mafupi, vilikuwa ni mambo ambayo mdudu anafanya au hafanyi.

Kazi ilibaki moja. Panzi huyu huzaa kizazi kimoja kwa mwaka, na majike hukusanyika kutaga sehemu moja, kwenye udongo laini wenye kivuli. Afrika Magharibi wakulima wamefundishwa kuyafukua mayai ya yule ndugu yake na kuyaacha juani yakauke, na ni njia isiyogharimu zaidi ya jembe, ila lazima uwe umeliona eneo wakati wanataga. Baadaye ardhi haikuonyeshi kitu. Nilimweleza mjomba aangalie chini ya mwembe na pembeni ya kichaka mvua za masika zikianza.

Katikati ya Aprili simu ililia saa nne asubuhi, nikiwa darasani. Sikuipokea; nilipotoka nikakuta video ya sekunde kama arobaini. Simu ilikuwa imewekwa chini, haitikisiki. Majike sita au saba chini ya mwembe, matumbo yamezama udongoni, hakuna anayesogea, na sauti ya mjomba kutoka pembeni: "Hawa wamekaa, mjomba. Nichimbe leo au nisubiri wamalize?"

Nilimwambia asubiri wamalize, achomeke kijiti.